Mstari wa mia tatu

Kuna daktari kijana aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo kazini. Mbele ya mgonjwa namwita Daktari. Tukiwa wawili kwenye chumba cha chai namwita mwanangu, maana kifungua mimba wangu amemzidi miaka miwili. Yeye ananiita Sista kote kuwili. Saa nane za usiku, mama anapovuja damu, majina hayo ndiyo yanayotuponza: mimi nasubiri Daktari aamue, naye anasubiri Sista amwambie la kufanya, na kila mmoja anamstahi mwenzake mpaka shuka linalowa.

Mimi ni mkunga. Kazi hii nimeifanya miaka 23, Kakamega, Busia, Siaya, na sasa niko Kisumu, mji ambao hospitali yake kubwa ya rufaa watu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mtajie mwendesha boda lile jina rasmi refu, atakuuliza, "Si useme tu Russia?" Hospitali ninayotaka kuisimulia hapa sitaitaja. Usijaribu kuibahatisha pia, maana nimepita nyingi, na lililotokea pale lingeweza kutokea popote nilipowahi kuvaa aproni.

Vijana wa namna hii magazeti huwaita madaktari wanagenzi. Kwenye wadi tunawaita intani. Amesoma chuo kikuu miaka sita, amefuzu, ameapa, mama yake ameshachinja kuku na kanisa limemwombea. Kinachobaki ni mwaka mmoja wa kuzunguka idara kubwa za hospitali, tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, ndipo Baraza la Madaktari limpe leseni ya kusimama peke yake. Mwaka huo mmoja ndio tunaougombania. Ukimpa uhuru mwingi, mgonjwa wa leo yuko hatarini. Ukimnyima, unaisogeza hatari mbele tu, kwa mgonjwa wa mwaka ujao ambaye humjui na hutamzika wewe.

Nianze na usiku ule.

Ilikuwa Jumapili kuamkia Jumatatu. Mwanagenzi wetu alikuwa wiki ya tatu kwenye idara ya uzazi, kijana mrefu, mpole, wa kuomba radhi kabla hajasema neno. Mama alijifungua mtoto wake wa tatu, msichana wa kilo tatu na nusu aliyetoka akilia kama mwenye madai. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 zikaingia pajani. Kondo la nyuma likatoka lenyewe, zima. Nikamlaza mtoto kifuani pa mama, nikaanza kukusanya vyombo.

Baada ya dakika kumi hivi nikaiona damu. Haikuwa ile ya kuruka. Ilikuwa ile ya kutambaa, na wakunga wenzangu mnajua ninachosema. Ya kuruka humtia kila mtu mbio. Ya kutambaa ndiyo inayoua, kwa sababu inakuachia nafasi ya kujidanganya.

Kijana akaweka mkono juu ya tumbo, akaukanda mji wa mimba. Ukakaza. Alipoutoa mkono ukalegea kama unga uliozidi maji. Akakanda tena. "Inashika, Sista," akaniambia. Nikamwuliza kama tumpigie daktari bingwa. Aliniangalia mara moja tu, akainamisha macho, nami nikaelewa yote.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa amempigia bingwa huyohuyo saa tisa za usiku kwa ajili ya presha ya mama mwingine. Asubuhi kwenye raundi, mbele ya wanafunzi na mbele ya kina mama vitandani, bingwa akamwuliza, "Miaka sita ulikuwa ukisomea nini, ualimu wa chekechea?" Watu wakacheka. Nami nilitabasamu. Tabasamu lile nimelijutia kuliko makosa mengi ya mikono yangu.

Kwa hiyo akasema, "Tumpe dakika kumi, Sista." Tukampa dakika kumi. Kisha kumi nyingine. Nikatazama pamba, nikatazama shuka, nikaandika kwenye faili: damu iliyopotea, mililita 400. Jicho la mtu ni mwongo kwenye damu, na shuka ni mwongo zaidi, linakunywa kimyakimya. Tulipokuja kumgeuza mama tukakuta dimbwi chini ya mgongo wake, limeganda kama maini buchani. Alikuwa ameacha kumshika mtoto. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Sista, mbona taa mmezima?"

Taa zilikuwa zinawaka.

Bingwa alipigiwa saa kumi kasorobo, akafika katika muda wa dakika ishirini, na lazima niseme kweli, mikono yake ilikuwa ya ajabu. Lakini ilibidi mji wa mimba utolewe. Damu ziliingia chupa nne. Mama alipona. Alikuwa na miaka 26. Siku ya kuruhusiwa, mumewe alikuja na gari la kukodi, akatupa mkono mmoja baada ya mwingine, wauguzi, kijana, bingwa, akatushukuru kwa kumwokolea mke. Hakuna aliyemwambia kuhusu zile dakika ishirini. Mimi sikumwambia.

Kwenye kikao cha kuchunguza tukio iliandikwa kwamba mwanagenzi alichelewa kuomba msaada. Ni kweli. Ni kweli kama vile ni kweli kwamba mtu aliyezama ziwani alichelewa kupumua.

Baada ya hapo ikatoka amri: mwanagenzi hagusi kitu bila mkubwa kuwepo. Kwenye thieta akawa wa kushika vyuma, bingwa anakata na kushona. Chumba cha kujifungulia akawa wa kuandika faili na kukimbiza sampuli maabara. Tukaona tumetibu ugonjwa. Hata mimi niliridhika, sikatai. Wadi ilitulia. Raundi zikawa fupi. Wanagenzi wa kipindi kile walimaliza wote, wakapewa barua zao, wakapiga picha kwenye ngazi, wakaondoka.

Mwaka uliofuata, saa tano za usiku, simu ikalia. Ni mmoja wao, msichana mwenye akili kali, aliyekuwa amepelekwa hospitali ndogo visiwani, upande wa Homa Bay. Madaktari walikuwa wawili, mmoja yuko likizo. Mama amekaa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hateremki, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Ziwa limechafuka, boti haitoki.

"Sista," akasema, "nimesaidia upasuaji kama arobaini. Kisu nimeshika mara mbili."

Mara mbili. Nikahesabu miezi mitatu ile kichwani. Arobaini alizosimama upande wa pili wa meza akivuta chuma, macho yake yakitazama mkono wa mtu mwingine. Nikamtafutia bingwa, tena yuleyule, na hapo namsifu: hakuuliza swali la kejeli hata moja. Simu ikawekwa spika, muuguzi wa kule akaishikilia juu ya trei ya vyombo. Bingwa akiwa sebuleni kwake alimwongoza hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa kwenye laini nikisikia pumzi ya yule binti, na kila alipokatisha pumzi nami nilikatisha yangu. Kisha mtoto akalia. Tulimsikia sote watatu, bingwa akakata simu bila kuaga.

Walipona. Siku nyingine labda mtandao ungekatika.

Tangu usiku ule sijaweza kulitamka neno usalama bila kujiuliza: usalama wa nani? Amri yetu ilimlinda mama aliyelala kwenye wadi yetu, mwenye bingwa dakika ishirini kutoka kwake na benki ya damu chini ya ngazi. Aliyelipa ni mama wa kisiwani, ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo. Katika nchi hii daktari akishamaliza uanagenzi anaweza kujikuta ndiye daktari peke yake kwenye hospitali ya kaunti ndogo, na upasuaji wa uzazi ni wake. Hakuna ngazi nyingine baina yake na kaburi. Kwa hiyo anayesema "mwacheni ajifunze akishakuwa mkubwa" aniambie, atajifunzia kwa nani, na nani atakuwa amesimama nyuma yake?

Lakini sitaki kuwa kama wale wanaosema enzi zetu tulitupwa majini tukajua kuogelea. Waliozama hawapo hapa kutoa ushuhuda. Na wazee wa kazi wanaojisifu kwamba walijifunza peke yao usiku hawajisifu kwa majina ya wagonjwa waliojifunzia.

Kuna jambo linaniudhi, nilitoe kifuani nipite. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini cha ugomvi kilikuwa wanagenzi: wangeajiriwa lini na wangelipwa kiasi gani, shilingi 206,400 za mkataba wa 2017 au 70,000 ambazo serikali ilitaka kuwapa. Hoja ya serikali ikawa kwamba hawa ni wanafunzi. Sawa. Lakini katika zile siku 56 nilijua kwa miguu yangu ni kazi kiasi gani ya wadi hubebwa na mwanafunzi huyo. Siku ya mshahara anaitwa mwanafunzi, saa nane za usiku anaitwa daktari. Mtu wa hali hiyo hajui hata yeye mwenyewe ana haki ya kuuliza au ana wajibu wa kujua.

Sasa turudi kwenye ukunga, maana jibu ninaloliamini nilikuwa nalo mkononi miaka yote na sikulitambua.

Kila mkunga wa rika langu amelelewa na patografu. Ni karatasi tu. Unaweka alama ya mlango wa uzazi ulivyofunguka, unaweka saa, unaunganisha. Juu yake imechorwa mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari, unapanda sentimita moja kila saa. Wa pili uko kulia kwake, umbali wa muda wa saa nne, nao ni wa kuchukua hatua. Mistari hiyo ilianzia Harare, wakati mji huo bado ukiitwa Salisbury, na madaktari wawili, Philpott na Castle, ndio walioichapisha mwaka 1972. Shida yao ilikuwa kama yetu: madaktari wachache, wakunga wengi, zahanati ziko mbali. Mkunga wa shamba angejuaje kwamba sasa ni wakati wa kumpakia mama garini? Wakamchorea. Alama ikivuka mstari wa kwanza, mama anaanza safari, na ile nafasi ya saa nne ndiyo barabara.

Tazama walichofanya. Hawakumnyang'anya mkunga kazi. Kushoto kwa mstari ni mamlaka yake, hakuna wa kumsimamia begani. Lakini lile swali gumu kuliko yote, la lini niite, hawakuliacha likae kifuani mwake saa nane za usiku pamoja na uchovu wake na hofu ya kuchekwa. Walilijibu mchana, watu wakiwa wametulia, wakalichora kwenye karatasi. Mkunga akipiga simu hasemi "nimeshindwa". Anasema "alama imevuka".

Na mstari wenyewe haukuwa msahafu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya isiyo na mstari ule wa sentimita moja kwa saa, kwa sababu wanawake wengi huenda polepole kuliko hivyo na hujifungua salama. Sasa kila sentimita imepewa muda wake. Nilinung'unika, kwani nilikuwa nimeizoea ile ya zamani kama sufuria yangu ya ugali. Lakini wana haki. Kipimo kimoja kwa wanawake wote kilikuwa kikiwapeleka wengine thieta bure. Nami nadhani kipimo kimoja kwa wanagenzi wote kina dhambi ileile.

Aliyenionyesha hivyo ni bingwa mwingine, mwanamke, niliyefanya naye kazi baadaye. Mfupi, sauti ya chini, asiyependa kuitwa Profesa ingawa ndiye. Siku ya kwanza ya kila kundi jipya aliwakalisha kwenye chumba cha chai akachukua karatasi ya zamu iliyopitwa na wakati, akaigeuza nyuma, akapiga jedwali kwa kalamu. Upande mmoja majina yao, juu yake kazi: kushona nyuzi, kutoa mtoto kwa vakyumu (kifaa cha kumvuta kichwani), kutoa kondo kwa mkono, upasuaji, kumwanzishia mama mwenye kifafa cha mimba dawa ya magnesiamu. Katika kila kijisanduku aliandika herufi moja. M, nivae glovu pamoja nawe. J, niko ndani ya jengo. S, niko kwa simu. Siku ya kwanza karibu zote zilikuwa M. Jedwali likabandikwa ndani ya mlango wa kabati la dawa, na kila Ijumaa alilirekebisha mbele ya watu, akituuliza sisi wauguzi. "Sista, huyu umemwona akishona. Tumpandishe?"

Nilikuja kujua baadaye kwamba wazo si lake peke yake. Mholanzi mmoja, Olle ten Cate, alipendekeza mwaka 2005 kwamba mwanafunzi wa udaktari asipewe imani ya jumla kwa kuangalia mwaka aliofikia. Apewe imani kwa kazi mojamoja, kwa ngazi, kuanzia kutazama tu hadi kuwasimamia wengine. Lakini Uholanzi sijafika. Nilichoona mimi ni kabati la dawa.

Na nilichoona ni hiki. Kulikuwa na kijana mmoja wa Bungoma aliyekuwa na mikono ya fundi cherehani. Ndani ya mwezi mmoja kwenye kushona alishakuwa S, kwenye upasuaji akawa J. Lakini kwenye magnesiamu alibaki M mpaka karibu anaondoka, kwa sababu alikuwa wa haraka, na dawa ile haitaki haraka. Unampa gramu 4 polepole mshipani, gramu 10 unazigawa matako mawili, kisha gramu 5 kila baada ya saa nne, na kabla ya kila sindano unagonga goti, unahesabu pumzi, unatazama mkojo. Goti likikataa kuruka, unaacha. Siku moja nilimkuta amevuta dozi tayari na goti hajagonga. Nikamzuia mkono. Hakukasirika. Alitazama mlango wa kabati akacheka, "Ndiyo maana bado niko M, Sista." Kwenye hospitali ile ya kwanza mtu huyohuyo angekuwa ama daktari anayeaminiwa kwa yote au mwanafunzi asiyeaminiwa kwa lolote.

Kwenye thieta bingwa huyu alikuwa na mazoea ambayo sijayaona kwa mwingine. Alinawa, akavaa gauni na glovu, kisha akaishika mikono yake pamoja kifuani, akaifungia vidole, kama mtu anayesubiri sala iishe. Mwanagenzi anakata. Ungeona vidole vile vikitaka kwenda. Mara moja, mkasi ulipokaribia kibofu, alisema kwa utulivu, "Simama. Niambie unachokiona." Yule binti akasimama, akatazama, akasema, "Kibofu." "Basi endelea." Mikono haikutoka kifuani. Upasuaji ulichukua dakika kumi na tano zaidi ya ambao angefanya mwenyewe, na mtoa nusukaputi alikuwa akiangalia saa ya ukutani kwa makusudi. Uhuru wa mwanafunzi unalipiwa kwa muda wa watu wengine, na hospitali zetu huwa haziutengi muda huo popote.

Aliye kitandani naye ana neno lake. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe anachofanyiwa na akubali kwa hiari. Kwa vitendo, nimeshuhudia mama mmoja akipimwa njia na watu watano katika saa mbili, mwanagenzi, kisha wanafunzi, kisha mwanagenzi wa zamu mpya. Wa tano alipovaa glovu, mama mkwe aliyekuwa ameketi pembeni na kikapu cha uji akasimama. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, ametoka Nyakach na gari la alfajiri. "Na huu sasa ni mkono wa nani?" akauliza. "Mkaza mwanangu si ng'ombe wa shoo ya Mamboleo, kila apitaye amguse." Wadi nzima ikanyamaza. Kisha mama aliyekuwa na uchungu akaanza kucheka kati ya uchungu na uchungu, akashindwa kujizuia.

Yule mwanafunzi alitaka kutoroka. Bingwa wetu ndiye aliyemrudisha, akavuta kiti, akakaa chini usawa wa yule mama mkwe. Akamwambia kwa Kiluo, "Mama, huyu anajifunza. Bila yeye, mjukuu wa mjukuu wako hatakuwa na daktari. Lakini akikatazwa, tumekatazwa." Mama mkwe akamtazama yule mwanafunzi juu hadi chini. Akamwuliza kwao ni wapi. Baada ya kujua kwao, na kujua mjomba wake ni nani, akamgeukia mkaza mwana. "Wewe unasemaje?" Mkaza mwana akasema, huyu mmoja, basi. Akapimwa na huyo mmoja, basi.

Nimefanya kazi miaka mingi nikidhani wagonjwa hawapendi wanafunzi. Mara nyingi kinachowauma ni kutoambiwa.

Kuhusu adhabu nitasema kidogo tu. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2018, kwenye hospitali kuu ya taifa Nairobi, mgonjwa ambaye siye aliyekusudiwa alipasuliwa kichwa, na saa kadhaa ndani ya upasuaji ndipo wakagundua hakuna damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta. Daktari aliyekuwa akisomea ubingwa akasimamishwa kazi pamoja na wauguzi na mtoa nusukaputi. Wenzake walilalamika kwamba amesukumiwa mzigo wa wengi. Sitaki kuhukumu kesi ile. Nakumbuka tu wiki iliyofuata kwenye wadi yetu, kilomita mamia kutoka Nairobi: wanagenzi waliacha kuandika makosa madogo kwenye kile kitabu cha matukio. Hakuna aliyewaambia waache. Waliacha tu, na kitabu kikawa kisafi kama cha mwanafunzi mtoro.

Yule kijana wa usiku wa kwanza sasa anasomea ubingwa Eldoret. Si wa uzazi. Sijamwuliza kwa nini.

Siku hizi tuna kile kitandiko cha plastiki kinachowekwa chini ya mama mara mtoto anapotoka, chenye mfuko wa kukusanyia damu. Huenda mmesikia utafiti wake, matokeo yalitoka 2023: hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000. Ukipima damu kwa mfuko huo badala ya jicho, na ukafanya mambo yote kwa mkupuo, kukanda, oksitosini, dawa ya kugandisha, dripu, kumchunguza mama na kumwita mkubwa, hatari ya damu kumwagika kupita kiasi hupungua kwa asilimia 60. Mfuko umechorwa mistari miwili. Wa mililita 300 ni wa tahadhari. Wa 500 ni wa kuchukua hatua. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Philpott alikuwa amerudi, safari hii kwenye plastiki.

Juma lililopita nilikuwa zamu ya usiku. Mwanagenzi ni binti mwenye sauti ndogo, wiki ya pili. Mama amejifungua wa nne. Nikiwa nimemfunika mtoto, nikasikia binti akisema, bila kuniuliza, bila kunitazama, "Mia tatu. Mapigo 112." Mkono mmoja tayari uko tumboni unakanda, wa pili unatafuta simu mfukoni mwa koti. Nilikuwa karibu kusema tumpe dakika kumi. Ulimi ulishafika kwenye meno.

Bingwa anakaa nyumba za wafanyakazi. Aliingia na leso juu ya gauni la kulalia, malapa miguuni, akanawa. Dawa zilikuwa zimeshaingia. Akainama kusoma mfuko: mia nne na hamsini, na haikuwa ikipanda tena. Akagusa tumbo. Lilikuwa gumu kama mpira. Akasimama hapo dakika kadhaa bila kufanya chochote.

"Samahani kwa kukuamsha, Daktari," binti akasema. "Imekata yenyewe."

"Haikukata yenyewe," akajibu akivua glovu. Kisha akanigeukia kuuliza kama kwenye flaski kumebaki chai.